Koni Kubwa ya Uzi kwenye Cherehani cha Nyumbani

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, nilimpelekea mama mmoja wa Mabela koni ya uzi mweupe. Ilikuwa kubwa, yadi 5000, na mwenyewe nilijiona nimefanya jambo la maana. Mama yule alikuwa anashona magauni sita ya shule, manne ya binti zake na mawili ya watoto wa dada yake. Rili zake ndogo zilikuwa zinamwishia katikati ya mshono, na kila ikiisha moja ilibidi amsubiri mumewe arudi kazini jioni ndipo waende dukani. Nikamwambia, "Dada, tumia hii, hutanunua uzi tena mpaka mwakani." Tukaichomeka pamoja kwenye kijiti cha uzi juu ya cherehani chake. Ilielemea upande kidogo, lakini ilikaa. Nikaaga nikaenda zangu.

Jioni ile akanipigia simu: uzi unakatika kila baada ya mishono michache. Usiku akapiga tena: sindano mbili zimevunjika. Kesho yake kijiti chenyewe, ambacho ni cha plastiki, kikakatika kwenye shina. Akakipeleka cherehani kwa fundi, kikakaa huko siku nne, akalipa, na fundi akamwambia kwamba hakikuwa na ugonjwa wowote ila kile kijiti. Magauni mawili hayakuwahi siku ya kwanza ya shule. Binti mmoja alikwenda na gauni la mwaka wa nyuma, limemfupia, na mama yake alinieleza hayo bila kunilaumu, jambo ambalo lilinichoma zaidi kuliko angenilaumu.

Kosa lilikuwa langu, na nilipaswa kujua. Mama yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, na baadaye kambini Kigoma. Mimi nimekulia chini ya meza yake nikiokota vipande vya vitambaa. Koni kubwa alizitumia kila siku, na kila siku niliona alipoziweka: chini sakafuni, nyuma ya cherehani, uzi ukipanda hadi kwenye msumari uliopigiliwa kwenye nguzo ya nyumba, kisha ukishuka kuingia kwenye mashine. Miaka yote hiyo nilidhani anafanya hivyo kwa sababu meza ilikuwa ndogo. Kumbe ule msumari ndio uliokuwa unafanya kazi.

Tangu habari ile, nimekutana na familia nyingine tatu hapa Muscat zilizoacha kushona zikiamini cherehani kimeharibika. Mbili kati yao tatizo lilikuwa koni tu. Ndiyo maana somo la toleo hili ni hili.

Tazama uzi ulivyozungushwa

Chukua rili ndogo na koni uziweke mbele yako. Kwenye baadhi ya rili utaona uzi umelazwa sambamba, mstari ukifuata mstari, kama kamba kwenye kapi ya kisima. Uzi wa namna hiyo hutoka kwa ubavuni: ukivuta, rili inazunguka. Sasa tazama koni. Uzi umepishana, unafanya alama ya X kutoka chini hadi juu. Huu umetengenezwa utoke kwa juu, kwenye upande mwembamba, koni yenyewe ikiwa imesimama tuli. Haitakiwi kuzunguka hata kidogo. Zipo pia rili ndogo zenye uzi wa kupishana, kwa hiyo usiangalie ukubwa peke yake, angalia uzi wenyewe.

Cherehani cha nyumbani kimetengenezwa kuvuta uzi mwepesi. Ukikibebesha koni juu ya kijiti, kila sindano inaposhuka inabidi ivute mzigo. Koni inagoma kwanza, kisha inakubali kwa ghafla, inazunguka kuliko inavyotakiwa, uzi unalegea na kujiviringisha kwenye kijiti. Mshono unaofuata unavuta uzi uliojifunga. Hapo ndipo unapokatika. Na usipokatika, unaivuta sindano pembeni, sindano inagonga bamba la chuma na kuvunjika.

Kabla ya kufika huko, kitambaa huwa kimeshakuonya. Uzi wa juu ukivutwa sana, uzi wa bobini unapandishwa na kuonekana upande wa juu kama vidoti vidogo. Kitambaa chepesi kinajikunja kando ya mshono kama kilichooshwa kikapungua. Wengi wetu tukiona hivyo tunakimbilia lile gurudumu dogo lenye namba la kukazia uzi, tunalegeza, tunakaza, mpaka tunasahau lilikuwa wapi. Liache. Kama lilikuwa sawa ulipokuwa unatumia rili ndogo, lirudishe kwenye namba ileile. Kwenye vyerehani vingi vya nyumbani kawaida ni kwenye 4 au karibu na hapo. Kinachotakiwa kubadilika ni mahali pa koni.

Mpe uzi njia ya kupanda

Koni isimame wima, nje ya cherehani, nyuma yake, upande wa kulia kilipo kijiti cha uzi. Juu yake, sawasawa na katikati yake, pawe na kipete au kulabu ambayo uzi unapita. Kutoka hapo ndipo uzi uje kwenye mashine. Hakuna zaidi ya hayo, lakini neno "juu yake sawasawa" lina uzito. Uzi unapotoka kwenye koni hucheza duara. Kulabu ikiwa pembeni, au ikiwa chini mno, uzi unakwaruza ukingo wa koni upande mmoja, na unarudi kulekule kwa mkazo unaobadilikabadilika. Kipimo ninachotumia ni hiki: kulabu iwe na kimo cha mara mbili na nusu ya kimo cha koni, ukipima kutoka pale koni inaposimama. Koni ya sentimita 15 inataka kulabu ya sentimita 37 au 38 hivi.

Stendi za kununua zipo, chuma chenye kitako kizito na mkono wa juu wenye kulabu. Ukinunua, chagua yenye kitako kizito kweli, kwa sababu zile nyepesi hutembea mezani cherehani kinapotetemeka. Lakini usinunue kabla hujajaribu hii ya bure.

Tafuta kikombe kikubwa cha chai, chupa ya maji ya lita moja na nusu, na henga ya waya, ile wanayokurudishia nguo dobi. Ijaze chupa maji uifunge vizuri. Kata henga kwa koleo, nyoosha waya, kisha kunja ncha moja iwe kipete kidogo kilichofunga. Piga msasa au funika sehemu iliyokatwa, maana ncha yenye makali itakula uzi wako polepole na hutajua kwa nini unakatika. Waya wenye kutu usiutumie. Funga shina la waya kwenye chupa kwa selotepu pana, sehemu mbili, chini na juu, halafu upinde mkono wake wa juu ili kipete kifike katikati ya kikombe. Koni unaisimamisha ndani ya kikombe. Kama ni pana haiingii, isimamishe mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isiteleze.

Kuna watu huweka kikombe tu bila kulabu. Inaweza kufanya kazi kwa uzi wenye manyoya kidogo na kwa mwendo wa taratibu. Mimi siipendi. Ukiongeza mwendo, uzi unakwama kwenye mdomo wa kikombe.

Kutoka kwenye kipete, uzi uingie kwenye njia ya kawaida ya cherehani chako kana kwamba umetoka kwenye kijiti. Mara nyingi kipete na mwanzo wa njia havikai mstari mmoja. Bandika pini ile ya kufungia nepi nyuma ya cherehani, karibu na kijiti, kwa selotepu, kitundu chake cha duara kikitokeza juu, upitishe uzi humo kwanza. Baada ya hapo fuata namba zilizochorwa kwenye mashine, bila kuruka hata moja.

Unapopitisha uzi, mguu unaokandamiza kitambaa uwe umeinuliwa. Hili linasahaulika hata na wanaoshona miaka mingi. Mguu ukiwa juu, visahani vya mkazo ndani ya mashine vinafunguka na uzi unaingia katikati yake. Mguu ukiwa chini, uzi unapita juu ya visahani bila kushikwa, na utakapoanza kushona utakuta upande wa chini wa kitambaa kuna fundo kubwa la nyuzi kama kiota cha ndege. Watu huona fundo liko chini wakadhani bobini ndiyo mbaya. Ni uzi wa juu.

Jaribu kwanza. Weka uzi wa rangi moja juu na rangi nyingine kwenye bobini, kata kipande cha kitambaa kilekile utakachoshona, kikunje mara mbili, ushone mstari wa urefu wa kiganja kwa taratibu na mwingine kwa haraka. Juu ionekane rangi ya juu tu, chini rangi ya chini tu. Mstari wa taratibu ukiwa mzuri na wa haraka ukawa mbaya, uzi unakwama mahali fulani njiani: inama utazame koni wakati mtu mwingine anakanyaga pedeli. Utaona mwenyewe.

Uzi laini wa kung'aa, hasa wa kudarizi, una tabia nyingine. Unateleza wenyewe kutoka kwenye koni na kujikusanya chini, kisha unajifunga kwenye kitako. Kata kipande cha soksi ndefu nyembamba ya kike, au wavu ule unaofungia vitunguu saumu, uivishe koni kutoka chini, uzi utokee juu. Inatosha.

Bobini, na rangi usizozihitaji kwa koni

Bobini nayo izungushie uzi kutoka kwenye koni hiyohiyo, kupitia kipete kilekile, kwa mwendo wa wastani. Ukiharakisha, uzi wa poliesta unanyooka kama mpira unapozungushwa, na baadaye ukishashonwa unajirudi na kukunja mshono. Kwa kazi ndefu jaza bobini nne au tano kwanza ndipo uanze.

Huna haja ya koni kwa kila rangi. Nyumbani kwangu nina tatu: nyeupe, nyeusi na kijivu. Kijivu kinajificha kwenye rangi nyingi kuliko unavyodhani. Rangi nyingine unanunua rili ndogo. Na kama jirani yako ana koni ya rangi unayoitaka kwa pindo moja tu, mwombe akujazie bobini mbili. Moja unaiweka chini mahali pake, ya pili unaichomeka kwenye kijiti cha uzi kana kwamba ni rili. Ni nyepesi, inazunguka bila taabu, na itatosha pindo zima.

Ukienda Ruwi

Kutoka Mabela mabasi ya Mwasalat yanafika Ruwi. Usiende saa saba mchana, maduka mengi hufunga na kufungua tena alasiri. Wauzaji wengi wa vifaa vya ushonaji ni watu wa India, Pakistan na Bangladesh. Kwa Kiarabu uzi ni khait na sindano ni ibra. Kwa Kihindi na Kiurdu uzi ni dhaga na sindano ni sui. Maneno hayo manne yamenifikisha mbali, na ukichanganya na vidole hutapotea.

Tazama ndani ya koni, mahali pa karatasi au plastiki, kuna namba. Ukiona 40/2, maana yake ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na 40 ni wembamba wa kila mmoja. Namba ya kwanza ikikua, uzi unakuwa mwembamba, si mnene, na hapo wengi hukosea. 40/2 ya poliesta inafaa mashati, sare, mashuka na magauni, pamoja na sindano namba 80/12. Kwa abaya nyepesi inayoteleza shusha sindano hadi 75/11 au 70/10. Kwa jinzi panda hadi 90/14 au 100/16.

Jihadhari na koni rahisi mno. Nyingi ni uzi wa ovaloki, mwembamba, wa kumalizia kingo, si wa kubeba mshono wa bega au wa makalio ya suruali ya mtoto wa darasa la pili. Nenda na kipande cha uzi wako mzuri, uvilaze viwili sambamba juu ya kiganja, ulinganishe unene. Kisha shika uzi wa dukani kwa mikono miwili uuvute ghafla. Ukikatika bila kukuumiza vidole, urudishe rafuni.

Je, koni inalipa? Piga hesabu mwenyewe kwa bei utakayoikuta. Yadi 5000 ni karibu mita 4,570, sawa na karibu rili 23 za mita 200. Mshono wa cherehani unakula uzi kama mita mbili na nusu hadi tatu kwa kila mita moja ya mshono, ukihesabu wa juu na wa bobini. Gauni lenye mita 10 za mishono linataka mita 25 hadi 30. Koni moja basi ni zaidi ya magauni 150. Kama unashona nguo mbili kwa mwaka, nunua rili ndogo ulale usingizi. Kama una watoto watano na shule inakaribia, nunua koni.

Ukinunua cherehani chenyewe cha mtumba, au ndugu akikutumia kutoka Marekani, geuza usome kibandiko cha umeme. Hapa Oman umeme ni volti 240, na plagi ni ya pini tatu za bapa kama ya Unguja, Nairobi na Kampala. Mashine ya volti 110 ukiichomeka hivihivi itaungua.

Na jambo la kibali, kwa kuwa naulizwa kila wiki. Kushona nguo za nyumba yako hakuna neno. Kushonea wengine kwa malipo ni jambo jingine. Anayeishi hapa kwa kibali cha kujiunga na familia, kibali hicho hakimruhusu kufanya kazi ya malipo, hata kama kazi inafanyika sebuleni na wateja ni majirani wa ngazi ileile. Nimewaona watu wazuri wakiingia taabuni kwa kusikiliza "mbona kila mtu anafanya". Kabla hujapokea oda ya kwanza, njoo ofisini na kitambulisho chako tuangalie pamoja njia iliyo wazi kwako.

Kuhifadhi ni jambo dogo. Jua la Muscat linafifisha rangi na kuuchosha uzi, kwa hiyo koni isikae dirishani wala kwenye gari. Ifunike kwa mfuko, vumbi likiingia kwenye uzi linaishia ndani ya cherehani. Kila unapobadilisha bobini mara nne au tano, zima umeme, toa bobini, usafishe manyoya ya uzi kwa brashi ndogo. Usipulize kwa mdomo, unyevu wa pumzi unaingia kwenye chuma.

Mama wa Mabela nilimrudia baada ya wiki tatu nikiwa na stendi ya kununua, ya kufidia. Alinishukuru, akaiweka juu ya kabati. Alikuwa ameshapiga msumari ukutani.

Ofisini tuna stendi mbili za kuazima, na henga za waya tele. Ukijaribu haya na uzi bado unakatika, usibebe cherehani kizima kwenye basi. Niletee kile kipande cha majaribio chenye rangi mbili, mstari wa taratibu na mstari wa haraka, pamoja na sindano uliyotumia. Mara nyingi kipande kinatosha kusema.